Lenzi ya milimita 50 kwa renjifainda ya dijitali: ipi uishike usiku wa harusi

Mimi hupiga picha za harusi upande wa wanawake, Mombasa: siku ya hina, kesha, kupamba. Mlango umefungwa, mabuibui yametundikwa, na waliomo ndani wamejiachia kwa sababu wameahidiwa kwamba picha hazitatoka nje ya ile nyumba. Kadi ya kamera naiacha kwa mama wa bibi harusi kabla sijavaa viatu, na siku ya pili narudi na kompyuta yangu kuzichambua palepale sebuleni kwao. Mahali kama hapo fleshi ni adui. Ikiwaka mara moja, kila mtu anakumbuka kwamba kuna kamera, na uso uliokuwa ukicheka unajikaza. Ndiyo maana natumia kamera ndogo ya renjifainda, Leica M ya Typ 240 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na lenzi moja ya milimita 50 inayomeza mwanga.

Swali ninaloulizwa na wapiga picha wenzangu kuliko yote ni hili: kati ya hizo 50 zenye f/2, f/1.5, f/1.4, f/1.2 mpaka f/0.95, ninunue ipi? (Nambari ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi.) Wengi wamekwisha kuamua kabla hawajauliza. Wanataka ile yenye nambari ndogo kabisa ambayo mfuko utaifikia. Naona hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kwa renjifainda, kabla hujauliza lenzi inaingiza mwanga kiasi gani, uliza kama lenzi na kamera zinakubaliana jicho la bibi harusi liko wapi.

Kamera isiyoona kupitia lenzi

Nieleze kidogo kwa asiyewahi kuishika. Renjifainda ina vidirisha viwili usoni. Unapochungulia kwenye kitazamio unaona mbele yako kama unavyoona kupitia dirisha la nyumba, pamoja na mistari inayokuonyesha picha itakatwa wapi. Katikati kuna kiraka kidogo chenye taswira ya pili. Ukizungusha pete ya fokasi, taswira hiyo inasogea. Mbili zikilaliana zikawa moja, umefokasi.

Kinachoisogeza ni kigurudumu kidogo kilichomo ndani ya mdomo wa kamera, kinachoegemea ukingo wa chuma nyuma ya lenzi. Lenzi ikienda mbele au nyuma, ule ukingo unakisukuma kigurudumu, na mkono mdogo unageuza kioo ndani ya kitazamio. Kwa hiyo unachokiona wewe sicho inachokiona lenzi. Kamera inaarifiwa tu, kwa kusukumwa, kwamba pete imefika mahali fulani. Ukingo ule ukiwa umechongwa vibaya kwa unene wa unywele, au kigurudumu kikisogea kwa mtikisiko wa tuktuk, utaona taswira mbili zimelaliana vizuri kabisa na picha itatoka imefifia. Hakuna kitu kitazamioni kitakachokuonya.

Zamani za filamu kosa dogo la namna hii lilikuwa linajificha ndani ya chembe za filamu. Leo tunaikuza picha ya pikseli milioni 24 mpaka tunaona ukope mmoja mmoja, na kwenye Leica M11 ya mwaka 2022, yenye pikseli milioni 60, hakuna pa kujificha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umbali kati ya vile vidirisha viwili kwenye kamera za M ni milimita 69 na kitu. Kitazamio cha Typ 240 kinapunguza taswira hadi 0.68, kwa hiyo uwezo wake halisi wa kupima ni kama milimita 47. Kwenye M10, yenye 0.73, unafika kama 50. Kwa lenzi ya 50 ya f/1.4 uwezo huo unatosha, mradi kila kitu kimewekwa sawa. Kwa f/0.95 ndipo unapokaba.

Sasa angalia unachokipima. Ukisimama mita moja kutoka kwa mtu na lenzi ya milimita 50, eneo linaloonekana wazi, mbele na nyuma kwa pamoja, ni kama sentimita 4.5 kwa f/2, kama sentimita 3 kwa f/1.4, na kama sentimita 2 tu kwa f/0.95. Hizo ni hesabu za kitabuni. Ukiikuza picha kwenye skrini, eneo linaonekana jembamba zaidi. Rudi nyuma hadi mita mbili, na f/1.4 inakupa kama sentimita 13, uso mzima na masikio yake. Nambari hizo zichukue kwa uzito kuliko maneno ya muuzaji. Anayepiga nyuso kwa mita moja na anayepiga kundi la akina mama kwa mita tatu hawahitaji lenzi moja.

Hina ya vidole na hina ya vifundo

Hili nililijua kwa gharama. Niliazimwa lenzi ya f/1.5 ya muundo wa kale, nzuri kwa macho na kwa mkono, nikaenda nayo kwenye siku ya hina. Bibi harusi alikuwa amelaza mkono juu ya mto, vidole vimeelekea kwangu, hina nyekundu imekolea, piko nyeusi imezungushiwa maua. Nilikuwa umbali wa kama mita moja. Picha za kwanza nilizipiga kwa f/1.5, zikatoka vizuri. Kisha nikataka sehemu kubwa zaidi ya mkono ionekane, nikafunga tundu hadi f/2.8. Fokasi niliiweka palepale, kwenye ukucha wa kidole cha kati.

Siku ya pili nilipozifungua sebuleni kwao, ukucha ulikuwa umefifia kama umepakwa mafuta, na ua la piko lililo kwenye vifundo vya vidole, sentimita chache nyuma, lilikuwa wazi mpaka unaona ukingo wake ulivyoanza kupasuka. Picha kumi na nne, zote vivyo hivyo. Mama wa bibi harusi alizipenda. Mimi sikulala.

Nilimpelekea fundi mmoja wa kamera, mzee wa umri wa babangu.

“Shikamoo, mzee wangu. Nahisi kamera yangu imepotoka.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu.” Akaishika, akachungulia nje ya mlango, akazungusha pete mara mbili tatu. “Kamera yako nzima. Hizo picha zilizoharibika ulipiga kwa ngapi?”

“Mbili nukta nane.”

“Basi ndiyo hiyo. Lenzi ya namna hii ukiifunga, inarudi nyuma.”

Alichonieleza ni hiki. Miale inayopita kwenye kingo za kioo na ile inayopita katikati haikutani mahali pamoja. Tundu likiwa wazi kabisa, miale ya kingo ndiyo mingi, nayo ndiyo inayoamua fokasi iko wapi. Ukifunga tundu kidogo, unaikata ile ya kingo, inabaki ya katikati, na fokasi inasogea nyuma ya pale ulipolenga. Mwenye kamera inayoona kupitia lenzi anaweza kuliona jambo hili na kulirekebisha papo hapo. Mwenye renjifainda haoni kitu. Ukifunga hadi f/5.6 au f/8, eneo la wazi linakuwa pana kiasi cha kulifunika kosa. Hatari iko katikati, f/2 hadi f/4, kwa karibu. Na huko ndiko mimi ninakoishi.

Lenzi za muundo wa Sonnar, aliouanzisha Ludwig Bertele mwaka 1929, zina tabia hii kwa asili. Ile ya sasa ya Zeiss, C Sonnar 1.5/50 ya kuvaa kwenye kamera za M, imeiacha makusudi kwa sababu ni tabia hiyohiyo inayozipa picha zake ule ulaini wa nyuso. Si kasoro ya kiwandani. Ni lenzi inayotaka uijue. Ikiwa fokasi yake imewekwa sawa kwa f/1.5 na unataka kupiga kwa f/2.8 kwa mita moja, fokasi kama kawaida, kisha rudisha mwili nyuma kwa upana wa vidole viwili, halafu piga. Nimewahi kufanya hivyo mchana mzima na inafanya kazi. Lakini katika ukumbi wenye watoto wanaopita chini ya miguu yako, nani atakumbuka vidole viwili?

Lenzi moja moja

Nianze na Summicron ya f/2 ya Leica, kwa sababu watu wanaipita haraka. Muundo wake wa sasa ulichorwa na Walter Mandler huko Midland, Ontario, Kanada, ukatoka mwaka 1979, na mpaka leo watu wanaununua ukiwa mpya. Ina gramu kama 240, filta yake ni ndogo ya milimita 39, haizibi kitazamio, na fokasi yake haihami kiasi cha kukusumbua. Ndiyo niliyoanza nayo, na mchana bado ndiyo ninayoichukua nikienda Marikiti au kupita Ndia Kuu. Mwenye kamera mpya kuliko yangu, M10 au M11, ambayo inavumilia ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga) bila kuharibu rangi ya ngozi, sioni kwa nini asiishie hapa. Ipo pia APO-Summicron, iliyotangazwa mwaka 2012, kali kupita kiasi na bei yake ni ya kununulia gari iliyotumika; kwa harusi za usiku haina cha kuongeza, kwa maana ni f/2 ileile.

Mimi kilichoniondoa kwenye f/2 ni chakacha. Typ 240 sipendi kuipandisha juu ya ISO 3200. Ukumbi wa taa za rangi, saa nne usiku, kwa ISO hiyo na f/2, nilikuwa napata shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya sekunde 1/60. Mtu aliyekaa anatulia kwa 1/60. Kiuno kinachocheza chakacha hakitulii. F/1.4 inaingiza mwanga mara mbili ya f/2, kwa hiyo inanipa 1/125, na hapo mikono inaonekana, vikuku vinaonekana, uso haupati mkia. F/1.5 haiko mbali na hapo, tofauti yake na f/1.4 huwezi kuiona kwenye picha. Hatua hiyo moja ya mwanga ndiyo niliyoihitaji. Hatua ya pili sikuihitaji.

Ya pili ni Summilux ya f/1.4, nayo ya Leica. Jina hili ni la tangu 1959, lakini unayotakiwa kuitofautisha ni ile ya ASPH iliyotoka mwaka 2004, kazi ya Peter Karbe. Ndani yake kuna kioo cha asferiki, yaani ambacho mbinuko wake si wa tufe kamili, na kuna vioo vinavyosogea peke yake unapofokasi karibu, ili ubora usianguke kwa sentimita 70 kama unavyoanguka kwenye za zamani. Nilikodi moja kwa harusi mbili. Nilipiga f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, kwa mita moja, na fokasi ikabaki pale nilipoiweka. Ina kishikio kidogo cha kidole chini ya pete. Baada ya siku chache kidole kinajua umbali kabla jicho halijafika kitazamioni. Toleo la mwaka 2023 linafokasi hadi sentimita 45, ila ujue kwamba chini ya sentimita 70 kitazamio hakifuati tena, lazima utazame skrini ya nyuma. Kama pesa ipo, hii haina majuto. Bei yake ni mara kadhaa ya lenzi ninayoitaja sasa.

Nokton ya 50 f/1.5 ya Voigtländer, inayotengenezwa na Cosina kule Japani, ndiyo niliyonunua. Yangu ni ya muundo uliotoka 2013. Mwaka 2020 walitoa toleo la pili. Nayo ina asferiki, inafokasi hadi sentimita 70, ni nyepesi, ni fupi. Kwa f/1.5 kingo za picha zake ni laini kuliko za Summilux, na taa iliyo nyuma ya mtu inamwagika kidogo. Kwa nyuso za wanawake waliojipamba, ulaini huo sina ugomvi nao hata kidogo. Ukifunga hadi f/2 inakaza. Kuhama kwa fokasi, kwenye majaribio yangu yote, hakukutoka nje ya eneo la wazi. Kwa mwenye kamera ya renjifainda ya dijitali iliyotumika na bajeti ya mtu anayelipwa kwa harusi, hii ndiyo jibu langu, na nimelisema kwa watu wengi wala sijarudishiwa lawama.

Kampuni hiyohiyo ilitoa f/1.1 mwaka 2009 na f/1.2 mwaka 2018. Ya f/1.1 ni pande la lenzi, filta ya milimita 58, na inaingia kwenye kona ya kitazamio. Ya f/1.2 ni ndogo kuliko unavyotarajia na ndiyo bora kati ya hizo mbili. Anayepiga kwenye nyumba za taa ya kibatari atafurahi nayo. Kuna pia 50 ya f/1.1 ya 7Artisans kutoka China, rahisi sana, na ina jambo moja la kusifika: ule ukingo wa nyuma unaogusa kigurudumu unaweza kuurekebisha mwenyewe kwa bisibisi mpaka ukubaliane na kamera yako. Kwa kujifunzia ni shule nzuri.

Halafu Noctilux ya Leica. Ya kwanza ilikuwa f/1.2, mwaka 1966, yenye vioo vya asferiki vilivyosagwa kwa mkono. Miaka ya 1970 ikaja f/1.0 ya Mandler. Mwaka 2008 ikaja f/0.95. Najua inavyovuta moyo, nimeishika. Lakini ile ya f/0.95 ina gramu 700, nzito kuliko kamera yangu yenyewe, ambayo ina 680. Haifokasi karibu zaidi ya mita moja. Inaziba kona ya chini ya kitazamio, na mara nyingi kwenye kona hiyo ndipo mkono wa mtu unapokuwa. Pete yake ni safari ndefu kuizungusha, na dada anayecheza hasubiri. Bei inapita dola 10,000. Ni lenzi ya mtu anayepiga picha moja kwa utulivu, mita mbili tatu, aliyekaa hajitikisi. Usiilete kwenye kesha.

Nikumbuke wenye Leica M8, kamera ya zamani kuliko yangu. Sensa yake ni ndogo, kila lenzi inaongezeka mara 1.33, kwa hiyo 50 inakuwa kama 67. Lenzi yako ya kawaida ni 35, inayokupa kama 47. Na wenye M9: ISO yenu inaishia 2500, kwa hiyo ninyi f/1.4 au f/1.5 mnaihitaji kuliko mimi.

Kabla hujatoa pesa

Usinunue lenzi hizi kwa kusifiwa. Ijaribu kwenye kamera yako wewe, kwa kuwa lenzi iliyo sawa kwenye kamera ya mwenzako huenda isikubaliane na yako.

Anza na kamera peke yake. Vaa lenzi ambayo unaiamini, zungusha pete hadi mwisho wa mbali, na uelekee mwezi. Taswira mbili za mwezi lazima ziwe mwezi mmoja. Ukiona miwili inayopishana kushoto na kulia, kamera inahitaji fundi, na hakuna lenzi utakayoipima kwa haki kabla haijatengenezwa. Ikipishana juu na chini pia itengenezwe, ijapokuwa hiyo haiharibu fokasi. Inachosha jicho tu.

Kisha lenzi. Mimi natumia tepu ya fundi cherehani. Naibandika juu ya ubao mrefu, naulaza ubao mezani, ncha moja imenielekea. Kwenye nambari 50 nasimamisha kipande cha kadi chenye mstari mmoja mweusi mnene, kwa sababu kiraka cha renjifainda kinapenda mstari wa kusimama. Kamera iko juu ya tripodi, mita moja kamili kutoka kwenye kadi, ikitazama chini kwa mshazari. Nafokasi kwenye mstari, napiga. Navuruga pete, nafokasi upya, napiga tena. Mara tano kwa kila tundu: wazi kabisa, f/2, f/2.8, f/4. Kisha narudia yote kwa sentimita 70 na kwa mita mbili. Usiruke ile mara tano. Picha moja inaweza kuwa kosa la jicho lako, tano hazidanganyi.

Ukizifungua, soma tepu. Kama nambari zilizo wazi zimeizunguka 50 sawasawa, lenzi na kamera zinaelewana. Kama siku zote zinaangukia mbele au nyuma kwa kiasi kilekile, kwa kila tundu, basi ukingo wa lenzi unahitaji kurekebishwa, na hilo fundi anaweza. Kama iko sawa ikiwa wazi kisha inatembea kuelekea nyuma kadiri unavyofunga, huko ni kuhama kwa fokasi. Hakuna fundi wa kukuondolea, ni tabia ya kioo. Hapo uamue kama mtaishi pamoja. Kamera nyingi za M za kuanzia Typ 240 zinakuruhusu kuona kupitia lenzi kwenye skrini ya nyuma. Itumie kama shahidi. Fokasi kwa skrini, piga, linganisha na ile ya kitazamio. Ikiwa ya skrini iko wazi na ya kitazamio haiko, kosa ni la vipimo. Kama zote mbili zimefifia, lenzi yenyewe ni mbovu.

Kuhusu mistari ya kitazamio: kwenye Typ 240 na M10 imewekwa kwa umbali wa mita mbili. Ukiwa karibu zaidi, picha itakata ndani ya mistari kidogo. Kilemba cha bibi harusi kimewahi kunikatikia hivyo. Acha nafasi.

Jua letu na unyevu wetu

Mchana wa Pwani, kwa ISO 200 na f/1.4, hesabu inadai shata ya karibu 1/25,000. Typ 240 inaishia 1/4000. Nunua filta ya kijivu inayopunguza mwanga mara nane, hatua tatu. Raha ya renjifainda ni kwamba filta inatia giza picha tu. Kitazamio kinabaki na mwanga wake wote kwa kuwa hakipitii kwenye lenzi.

Ukinunua lenzi ya zamani, ya miaka ya 1950 au 1960, na ziko nyingi nzuri, imulike. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, itazame kwa mbele kwa upande upande. Kuvu inaonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni. Ukungu unaonekana kama pumzi kwenye kioo cha kujitazamia. Ukungu fundi anaweza kuufuta. Kuvu ikikaa sana inakula ngozi ya kioo, na hata ikisafishwa inaacha alama. Usiiweke sanduku moja na lenzi zako nzima. Zangu zinalala kwenye kopo la plastiki lenye mpira mfunikoni, pamoja na vifuko vya chumvichumvi ya kunyonya unyevu ninavyovikausha kila mwezi. Kabati la nguo ni mahali pabaya kuliko pote.

Na ukitoka ukumbi wenye AC kwenda uani kumsubiri bibi harusi, ifunge kamera ndani ya mkoba kwa dakika ishirini au thelathini ipate joto polepole. Ukiitoa ghafla, kioo kinalowa, na taswira zako mbili zinakuwa mawingu mawili.

Kwenye Nokton yangu nimeweka tone la rangi ya kucha, jekundu, juu ya pete ya tundu, pale penye f/2. Limekauka likawa kijiupele. Gizani nalitafuta kwa kidole gumba. Nyuso nazipiga hapo, f/2, mita moja na nusu. Ngoma ikianza nasukuma pete hadi mwisho, f/1.5, na narudi nyuma hatua moja.